Kutoka Pangani hadi Moshi, Ubavu kwa Ubavu

Mjomba wangu alikuwa mkwezi wa minazi Pangani. Aliteleza karibu na kilele asubuhi moja ya manyunyu, akatua kwa kiuno, na tangu hapo miguu yake haikumtii tena. Hospitali ya kwanza tuliyomkimbiza iliokoa uhai wake, na kwa hilo tunashukuru. Lakini alirudi nyumbani na mambo mawili ambayo hakuanguka nayo: mpira wa mkojo uliochomekwa ukaachwa humo mwezi baada ya mwezi, na kidonda mgongoni, pale mfupa unapokutana na makalio, kinachoingia kidole. Nesi wa zahanati yetu alikitazama kidonda kile, akakaa kimya kidogo, kisha akaandika barua ya rufaa kwenda Moshi.

Mimi nilikuwa sijawahi kuvuka Korogwe. Kwetu pwani mtu akisema anakwenda bara, huulizwa atarudi lini kabla hajaulizwa anafuata nini. Nikachaguliwa mimi kwa sababu sina mke wala duka, na kwa sababu mjomba alisema hataki mtu mwingine amwone uchi. Mkaza mjomba angebaki na watoto, aje baadaye.

Yule nesi alitupa masharti ya safari, akamtaka na dereva ayarudie kwa mdomo wake. Mgonjwa asilale chali hata dakika moja. Alazwe ubavu, mto katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo, visigino visiguse kitu. Na kila baada ya saa mbili gari isimame, ageuzwe ubavu wa pili, hata kama tuko katikati ya pori.

Kwa hiyo barabara ya kwenda Moshi niliijua kwanza kwa mbavu za mjomba. Tuling'oa viti vya nyuma vya gari aina ya Noah tukatandika godoro. Njia ya vumbi kutoka Pangani ilitufikisha Muheza saa mbili zikiwa zimetimia, tukamgeuza chini ya mti karibu na wauza machungwa. Kutoka hapo alilalia ubavu wa kushoto, akawa anaitazama milima ya Usambara kupitia kioo cha kulia. Korogwe tukakutana na mto Pangani, mto wetu wenyewe, nikamwambia mjomba kwamba maji yale yanatoka huko huko tunakokwenda, yanateremka kutoka Kilimanjaro na Meru hadi mdomoni petu. Akasema, "Basi wao wanatuletea maji, sisi tunawapelekea wagonjwa." Mombo tukageuza tena. Mama lishe mmoja aliona tunahangaika na mito, akaacha sufuria zake, akaja kushika miguu. Hakuuliza chochote. Alipomaliza alituletea maji ya moto kwenye chupa na akakataa hela.

Baada ya Mombo mjomba alitazama kushoto, upande wa mashamba ya mkonge na tambarare kavu isiyo na mwisho. Same ilikuwa zamu ya tatu. Hapo walikusanyika watu, na mzee mmoja akasema kwa sauti, kana kwamba mjomba hasikii, kuwa mtu aliyefikia hali ile ni bora Mungu amchukue. Nilimtazama mjomba. Alikuwa amefumba macho. Maneno yale tulikuwa tumeyasikia hata nyumbani, kwa watu wanaotupenda, na ndiyo yaliyonifanya niandike safari hii.

Moshi tuliingia jioni, mlima umejifunika mawingu, nisione hata theluji yenyewe. Mji huu una sifa yake katika habari za ulemavu. Hospitali ya rufaa ya KCMC imekuwapo tangu mwaka 1971, na katika viwanja vyake kuna TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981, ambacho kimefundisha mafundi wa miguu ya bandia, vishikizo vya viungo na viti vya magurudumu. Wanafunzi wake wametoka nchi nyingi za Afrika. Hospitali tuliyolazwa sisi na wauguzi waliotuhudumia sitawataja, kwa sababu nitasimulia mambo ya mwili wa mtu na ya chumbani mwao, na hayo yana wenyewe.

Nilitarajia tutaanza na kidonda. Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alivuta kiti akaketi usawa wa uso wa mjomba, akamwamkia, kisha akauliza, "Baba, kabla hujaanguka, siku yako ilikuwaje tangu alfajiri?" Mjomba akamweleza: swala, chai, minazi, kulala kidogo adhuhuri, bao barazani jioni. Aliandika vyote. Halafu akauliza, "Katika haya, lipi unalitaka lirudi kwanza?"

Mjomba hakufikiri. "Nataka kwenda chooni bila kubebwa."

Akaliandika hilo juu kabisa ya karatasi, juu ya kidonda, juu ya mkojo, juu ya jina la dawa. Miezi yote tuliyokaa pale, karatasi ile ilikuwa kichwani pa kitanda, na kila mtu aliyekuja, awe daktari, mtaalamu wa viungo au mwanafunzi, aliisoma kwanza. Nimekuja kujua kwamba Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2001 lina utaratibu wa kuutazama ulemavu kwa namna hiyo: haliulizi tu kiungo gani kimeharibika, linauliza mtu anaweza kufanya nini, anashiriki nini na wenzake, na mazingira yake yanamsaidia au yanamzuia. Pale wodini utaratibu huo ulikuwa swali moja na kalamu.

Kidonda kilichukua muda mrefu kuliko yote. Nilijifunza kwamba vidonda vya kulalia havitokani na uchafu, kama tulivyodhani nyumbani tukawa tunamsugua mjomba kwa sabuni hadi ngozi ikawa nyembamba. Vinatokana na uzito. Mfupa unakandamiza nyama kutoka ndani, godoro linakandamiza kutoka nje, mishipa midogo ya damu iliyo katikati inajifunga, na nyama isiyopata damu inakufa. Sisi wazima tunageuka usingizini mara nyingi bila kujua, kwa sababu mwili unahisi maumivu kabla hatujaamka. Mtu aliyekatika uti wa mgongo hana onyo hilo. Lazima saa ya ukutani ifanye kazi ya mishipa ya fahamu.

Kugeuza huku kwa saa mbili mbili kuna historia. Zamani, mtu aliyevunjika uti wa mgongo akapooza alihesabiwa kuwa maiti anayesubiri. Vidonda na maambukizi ya mkojo vilimmaliza haraka. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinaendelea, daktari aliyeitwa Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, alifungua wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Alisisitiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kiangaliwe kwa makini, na kila mmoja awe na shughuli ya kufanya siku nzima. Vifo vikapungua sana. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, alipanga mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde baina ya watu 16 walioketi kwenye viti vya magurudumu, na kutokana na hayo ndiyo yakazaliwa mashindano ya Paralimpiki. Wengi wanaijua michezo hiyo. Wachache wanajua kwamba msingi wake ni mikono ya wauguzi na wahudumu waliogeuza watu saa nane za usiku, wakarudi tena saa kumi.

Muuguzi wetu alinifundisha kuikagua ngozi. Vitabu vingi, alisema, vinakwambia tafuta wekundu, lakini vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi ya mjomba wekundu hauonekani. Akaushika mkono wangu, akauweka kwa mgongo wake juu ya nyonga ya mjomba, kisha pembeni yake. "Hapa na hapa, wapi pana joto zaidi?" Nikarudia hadi nikaweza kutofautisha: joto, ugumu, au ulaini usio wa kawaida, rangi iliyokolea kuliko jirani yake. Siku chache baadaye akamletea mjomba kioo chenye mpini mrefu. "Huyu kijana ataoa siku moja atakuacha. Mgongo ni wako, baba, utaukagua mwenyewe asubuhi na jioni." Mjomba alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Pangani.

Chakula nacho kilikuwa sehemu ya tiba. Kidonda kinapoteza protini kila siku, na nyama mpya haijengwi kwa uji mtupu. Mayai, maharage, dagaa, maziwa. Waliniambia nisione haya kumlisha zaidi ya ninavyojilisha mimi.

Sasa nifike kwenye mkojo, jambo ambalo watu hawalisemi, nami nitalisema, maana ndilo lililombadilisha mjomba kuliko kitu kingine chochote.

Mpira unaokaa ndani moja kwa moja ni mlango wa vijidudu. Unaleta homa za mara kwa mara, mawe kwenye kibofu, majeraha kwenye njia ya mkojo, na mwishowe figo ndizo zinazolipa. Kuna njia nyingine: mtu anaingiza mpira safi mwenyewe, mkojo unatoka wote, anautoa mpira, anaendelea na maisha yake hadi saa nne au sita zijazo. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba jambo hilo halifai kufanywa bila vifaa vilivyochemshwa na glavu mpya. Mwaka 1972 daktari wa Kimarekani, Jack Lapides, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono na mpira unatosha, mradi kibofu kisiachwe kijae kupita kiasi. Hatari kubwa ni kibofu kilichotanuka na mkojo uliolala. Ugunduzi huo umeokoa figo za watu wasiohesabika, na hauhitaji mashine. Unahitaji sabuni, maji, na mtu mwenye subira ya kufundisha.

Mjomba alikataa katakata. Alisema hata akiambiwa atakufa kesho hatajitia mpira kwa mkono wake. Muuguzi hakubishana naye. Kesho yake alikuja na mwanamume kutoka Same, aliyeanguka na bodaboda miaka mingi iliyopita, ambaye huja wodini kuwafundisha wageni. Alijisukuma hadi kitandani kwa mjomba, akafungua mfuko wake mdogo, akatoa sabuni, kitambaa na mpira, akasema, "Kaka, mimi nina watoto, mdogo kazaliwa baada ya ajali. Nafuga kuku, naendesha bajaji ya mikono. Nikijikojolea mbele ya wateja, hayo yote yanaanguka. Hii ndiyo iliyonirudishia suruali yangu." Akavuta pazia. Sikuwamo ndani, na sijui walizungumza nini zaidi. Baada ya siku kadhaa mjomba aliomba afundishwe.

Tulipewa daftari: saa, alichokunywa, kilichotoka. Kilichotoka tulikipima kwenye jagi lenye mistari. Kikizidi nusu lita, maana yake tumechelewa, tupunguze nafasi kati ya zamu. Mkojo ukawa tatizo la ratiba, na hapo lilizuka jambo ambalo sikulitarajia. Mjomba alikuwa ameacha kuswali tangu alipovalishwa mfuko wa mkojo, kwa kuwa alijiona hana tohara saa yoyote. Hakuwa amemwambia mtu. Muuguzi yule, Mlutheri wa Machame, ndiye aliyelinusa. Aliichukua ile karatasi ya siku yake, akaona neno swala limeandikwa mwanzoni na halijapigiwa alama, akamuuliza. Kisha wakakaa wote wawili na kupanga zamu za mpira: ya kwanza kabla ya alfajiri, nyingine katikati ya asubuhi, nyingine kabla ya alasiri, ya mwisho kabla ya kulala, na maji apunguze baada ya isha. Nikampigia simu shehe wetu wa Pangani kumuuliza hukumu. Akanijibu kwamba mwenye udhuru huswali na udhuru wake, kwa kuketi au kwa kulala, tangu mwanzo hakuwa na haja ya kuacha. Siku ile mjomba aliswali adhuhuri kitandani, akageuzwa ubavu unaoelekea kibla. Nadhani hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingeonyesha kilichotokea pale.

Habari ya choo kikubwa nitaipitia kwa stara. Nayo ina saa yake: kila siku wakati ule ule, baada ya chai ya moto na chakula, kwa sababu tumbo likipokea chakula utumbo unaamka. Mboga za majani, maji, mapapai. Mtu anayejua saa ya choo chake anaweza kwenda harusini, msikitini na sokoni. Asiyeijua hubaki ndani, na huko ndani ndiko anakokufa roho kabla ya mwili.

Usiku mmoja nilishuhudia uuguzi ulivyo hasa. Kitanda cha pili kulikuwa na kijana aliyevunjika shingo. Ghafla akaanza kulalamika kichwa kinapasuka, jasho linamtiririka usoni. Nikadhani ni malaria. Muuguzi wa zamu hakukimbilia kabati la dawa. Alimwinua akakaa wima, akamlegeza nguo, kisha akaufuata mpira wa mkojo kwa vidole tangu kwenye mfuko hadi chini ya paja, akakuta umejikunja, kijana kaulalia. Aliunyoosha, mkojo ukashuka, na muda si mrefu kichwa kikatulia na presha ikarudi chini. Akatueleza kwamba mtu aliyevunjika sehemu ya juu ya uti, kifuani au shingoni, kibofu kikijaa mwili wake hutuma kelele zisizofika kichwani kama maumivu, na presha hupanda kiasi cha kuweza kupasua mshipa wa ubongo. Angepewa panadol, angeambiwa alale, angeweza kufa. Kilichomwokoa ni mtu aliyejua kutafuta mkunjo wa mpira. Alikuwa peke yake zamu ile, na wodi imejaa.

Hili la wodi kujaa lazima niliseme. Wauguzi wetu ni wachache kuliko kazi iliyopo, na pengo linazibwa na ndugu. Mimi nilikuwa ndugu mmojawapo. Nililala chini ya kitanda, nikageuza, nikaosha, nikapima. Sina kinyongo, na sidhani kama kuna muuguzi angemjua mjomba nilivyomjua. Lakini wengi wa waliolala chini ya vitanda vile walikuwa wanawake, walioacha mashamba, biashara na watoto, na wengi wao hawakuwa wamefundishwa chochote kabla ya kufika pale. Walirithi mgonjwa wakakabidhiwa bila neno. Tofauti ya hospitali ile ni kwamba ilitufundisha. Kila jambo nililofanya nilionyeshwa kwanza, nikalifanya mbele ya macho yao, na nililoshindwa nikarudishwa. Mmarekani Virginia Henderson, muuguzi aliyeandika sana katikati ya karne iliyopita, alieleza kazi ya uuguzi kuwa ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa, na kuyafanya kwa namna itakayomrudishia kujitegemea mapema iwezekanavyo. Naamini hapo ndipo fedha za serikali zingeokoa watu wengi: kumlipa mtu wa kufundisha, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, pale pale anapolazwa mara ya kwanza. Kidonda cha mjomba kilihitaji miezi ya kitanda, dawa na chakula. Kukizuia kungehitaji saa moja ya mtu kumwonyesha mkaza mjomba namna ya kuweka mto.

Kidonda kilipofunga ngozi changa, ndipo wakamruhusu kuketi, kwanza robo saa, kisha nusu saa, ngozi ikikaguliwa kila mara. Mtaalamu wa viungo alimfanyisha kazi mikono na mabega kwa mifuko ya mchanga. Mikono ya mkwezi haikuhitaji kubembelezwa. Kazi ilikuwa kumfundisha kuitunza, kwa sababu sasa mabega ndiyo miguu yake, na bega likichakaa hakuna lingine. Alijifunza kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa ubao laini, makalio yakielekea kule na kichwa kikielekea huku. Alijifunza kuinama mbele kifua kifike mapajani, mara kwa mara, ili makalio yapumue. Saa yake ya mkononi ilipiga kengele kumkumbusha.

Kuhusu kiti, nilidhani kiti ni kiti. Kumbe mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna ya kutoa viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, na moyo wake ni kwamba mtu hupimiwa kiti, hagawiwi tu. Fundi alimpima upana wa nyonga, urefu wa paja, urefu wa mguu hadi chini. Kiti kikiwa kipana mtu anaegemea upande mmoja na kidonda kinaanzia hapo. Kikiwa kirefu kinamvuta akae kwa mkia. Nyuma ya goti lazima pabaki nafasi ya vidole viwili. Na mto wa kukalia ni sehemu ya kiti. Kiti kisicho na mto wake kinamrudisha mtu hospitali. Halafu akauliza, "Kwenu ardhi ikoje?" Mchanga, tukamwambia, mchanga mtupu hadi mlangoni. Akatikisa kichwa, akatuonyesha kiti cha magurudumu matatu, gurudumu la mbele likiwa mbali na kubwa, kisizame wala kisipinduke. Viti vingi tunavyoviona vikikabidhiwa mbele ya kamera ni vya kusukumia mgonjwa kwenye sakafu ya hospitali. Pangani vingefia uani wiki ya kwanza.

Mkaza mjomba alikuja masika ikianza. Muuguzi alivuta pazia, akakaa nao wawili kwa muda mrefu, nikatumwa nje kununua ndizi ambazo hakuna aliyezihitaji. Baadaye mkaza mjomba aliniambia tu kwamba waliongelea mambo ya mke na mume, na kwamba hakujua kama kuna mtu duniani anayeweza kuyaongelea bila kucheka wala kuona haya. Macho yake yalikuwa mekundu lakini uso umetulia.

Nilimkumbuka yule mzee wa Same. Watafiti wawili, Albrecht na Devlieger, walichapisha mwaka 1999 mahojiano waliyofanya Marekani na watu wenye ulemavu mkubwa. Zaidi ya nusu yao walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana, wakati watu wa nje wakiwatazama walidhani ni mateso matupu. Simlaumu mzee. Alimwona mjomba siku ambayo kidonda kilikuwa kinanuka, mfuko wa mkojo umelala pembeni, swala imekatika. Alichokiona kilikuwa ni kukosekana kwa uuguzi, akadhani ni ulemavu.

Wiki ya mwisho mtaalamu wa tiba kwa vitendo alitupa kazi ya nyumbani. Nimpigie simu mtu apime nyumba: upana wa milango, urefu wa baraza kutoka ardhini, choo kilipo. Milango yetu ilikuwa myembamba, kiti hakipiti. Baraza iko futi moja juu ya ardhi, na hesabu ya njia ya mteremko ni kwamba kila futi moja ya kwenda juu inataka futi kumi na mbili za kwenda mbele, ili mtu ajisukume mwenyewe bila kuomba msaada. Nilipompigia fundi wa ujenzi wa kwetu, mjomba alinipokonya simu.

"Fundi, hujambo? Sikiliza. Ng'oa fremu, weka ya inchi thelathini na sita."

Fundi alikuwa na maswali. Futi kumi na mbili zitaingia barabarani. Mjomba akamwambia azungushe njia kando ya ukuta, apinde kwenye mpapai. Choo cha shimo kijengewe kiti cha kukalia, chenye chuma cha kushikia upande wa kulia. Sakafu isipigwe niru, itateleza. Alikuwa ameketi wima, daftari la mkojo mapajani, akichora nyuma yake kwa kalamu ya muuguzi.

"Mlango upi nipanue?" nilimsikia fundi akiuliza. "Wa mbele au wa uani?"

"Yote miwili. Na wa chumbani. Mimi siishi kwenye baraza, naishi nyumba nzima."

Fundi akataja bei ya saruji. Mjomba akamwambia huo ni wizi, bei ya Tanga mjini anaijua, na wakaanza kupatana.